Fourcroy na neno urée

Kurasa hizi zimezoea maisha ya washairi, ya wanaisimu na ya wamisionari waliotunga kamusi. Safari hii naleta mkemia, na nadhani hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu atakubali kwamba anastahili nafasi. Antoine-François Fourcroy, aliyezaliwa Paris tarehe 15 Juni 1755 na kufa huko huko tarehe 16 Desemba 1809, alikuwa mmoja wa watu wanne waliokaa pamoja na kuipa kemia lugha mpya. Moja ya maneno aliyoyaacha liko kwenye karatasi ya labo ya kila mgonjwa anayepimwa figo hapa Lubumbashi: urée, ambalo Kiswahili sanifu kinaliandika urea.

Sababu ya kumchagua ni ya nyumbani. Bibi yangu mzaa mama, kambo kama tunavyosema hapa, analima mahindi nje ya mji, na neno urée analijua tangu zamani: ni mbolea nyeupe ya punje ndogo, inayouzwa kwa mifuko iliyoandikwa namba 46, anayoitia shambani mahindi yakifika magotini. Mwaka jana alipimwa damu. Matokeo yalipofika nyumbani, binamu yangu akayasoma kwa sauti: urée imepanda. Kambo akauliza mbolea imeingiaje katika damu yake, naye ananawa mikono kila anapotoka shambani. Mjomba, aliyesoma kidogo, akamtuliza kwamba si mbolea. Neno hilo linatoka kwenye urine, kwa hiyo ni mukojo ndio umeingia katika damu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Kwa siku mbili kambo hakutaka kula pamoja na wajukuu, akidhani ananuka. Wote wawili walikuwa wamelisoma neno vizuri, kila mmoja kwa njia yake, na neno likawapeleka wote wawili pabaya. Nikataka kumjua aliyelitunga.

Utoto wake haukuwa wa raha. Baba alikuwa mfamasia katika nyumba ya mtawala wa Orléans, akapoteza cheo hicho, na familia ikashuka mpaka kwenye umaskini wa kweli. Mama alikufa mtoto akiwa na miaka saba. Fourcroy aliacha shule mapema, akaishi kwa kunakili maandishi ya watu na kuwafundisha watoto kuandika. Aliyemwokoa ni Félix Vicq d'Azyr, bingwa wa anatomia, aliyemshauri asome udaktari. Alisoma, akashinda mitihani, lakini shahada ilikuwa na bei yake na mfukoni hakuwa na kitu. Ulikuwapo msaada kwa mwanafunzi maskini, ila Kitivo cha Tiba cha Paris kilikuwa na ugomvi na Chama cha Kifalme cha Tiba, ambacho Vicq d'Azyr alikuwa katibu wake, na kijana akaadhibiwa kwa sababu ya rafiki yake: akanyimwa. Chama chenyewe ndicho kilichomlipia, akapata udaktari mwaka 1780. Hata hivyo Kitivo kikamkatalia daraja ambalo lingemruhusu kufundisha ndani yake. Wanaojua siasa za vyuo hawatashangaa.

Basi akafundisha nje, na akafundisha kuliko wote. Mwaka 1784 mkemia Macquer alipofariki, Buffon alimpa Fourcroy kiti chake katika Bustani ya Mfalme, mbele ya Berthollet, ambaye kwa utafiti alikuwa amemzidi. Kilichompa Fourcroy nafasi ni ulimi. Watu walijaa kumsikiliza mpaka ukumbi ukabidi upanuliwe. Wote waliomweleza wanataja sauti yake na mpangilio wa maneno yake, na mimi naona hapa ndipo ulipo ufunguo wa maisha yake yote: alikuwa mwalimu kwanza na mkemia baadaye, na mwalimu ndiye anayeteseka zaidi kwa majina mabaya.

Majina ya kemia ya siku hizo yalikuwa mabaya kweli. Palikuwa na siagi ya antimoni, ambayo si siagi. Palikuwa na maua ya zinki. Ile chumvi ya bluu ya shaba, ambayo mji huu unaoishi kwa shaba ungeitambua mara moja, iliitwa vitrioli ya Kupro, kwa sababu ya kisiwa cha Kupro, hata kama imetengenezwa kwingine. Mwanafunzi alilazimika kukariri kila jina kivyake, kama anayejifunza lugha isiyo na sarufi.

Mwaka 1787 Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy walitoa kitabu chao cha mfumo wa majina ya kemia. Kwetu sisi wa lugha kitabu hicho ni sarufi, na uzuri wake uko katika viambishi tamati. Chukua salfa. Asidi yake yenye oksijeni nyingi zaidi ikapewa mwisho -ique, yenye oksijeni pungufu ikapewa -eux. Chumvi ya ile ya kwanza ikamalizikia -ate, chumvi ya ile ya pili -ite. Anayejua mzizi na viambishi vinne anaweza kuunda jina ambalo hajawahi kulisikia, na mwenzake akalielewa, sawasawa na sisi tunavyotoka piga kwenda pigwa, pigana, pigisha bila kuuliza kamusi. Vitrioli ya Kupro ikawa sulfate de cuivre. Jina likaacha kutaja kisiwa, likaanza kutaja vilivyomo ndani ya kitu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni: jina liseme kitu kimeundwa na nini. Lakini katika msingi wenyewe waliweka mawe mawili yaliyopinda. Oxygène kwa mizizi ya Kigiriki ni kinachozaa asidi, kwa kuwa Lavoisier aliamini kwamba hakuna asidi bila oksijeni. Ilipofika 1810 Humphry Davy alikuwa ameonyesha kwamba asidi ya chumvi ya kawaida haina oksijeni hata kidogo. Na gesi inayojaza sehemu kubwa ya hewa wakaiita azote, isiyo na uhai, kwa kuwa mnyama akifungiwa ndani yake hufa. Hiyo azoti, ambayo Kiswahili cha vitabu kinaiita nitrojeni, imo katika nyama ya kila kilicho hai. Mwili hauwezi kujengwa bila yake. Majina yote mawili yanakosea, na yote mawili bado tunayo.

Fourcroy mwenyewe aliichelewa kemia mpya. Kwa miaka kadhaa alifundisha ya zamani na ya Lavoisier bega kwa bega, akiwaachia wanafunzi wapime. Wengine wanaona huo ni woga. Mimi naona ni tabia ya mwalimu asiyetaka kuvunja nyumba kabla ya nyingine kuezekwa. Alipohamia upande wa Lavoisier alihamia kwa moyo wote, na sauti yake ilieneza kemia mpya kuliko kitabu chochote.

Kisha yakaja Mapinduzi. Fourcroy alikuwa mbunge wa akiba wa Marat, na Marat alipouawa mwezi Julai 1793 akaingia bungeni kukaa kwenye kiti chake. Tarehe 8 Mei 1794 Lavoisier akakatwa kichwa. Swali limemfuata Fourcroy tangu siku hiyo: alikuwa bungeni, alikuwa na sauti iliyojaza kumbi, mbona hakumtetea rafiki na mwenzake wa ile kazi ya 1787? Wengine walifika mbali zaidi, wakanong'ona kwamba alitaka mwenziwe afe ili abaki wa kwanza. Georges Cuvier, aliyesoma wasifu wake mbele ya wanasayansi baada ya kifo chake, alisema kwamba alichunguza kwa ukali na hakuona ushahidi wowote wa hilo, na kwamba angeuona asingekubali kumsifu. Wapo pia aliowaokoa, mmoja wao mkemia Darcet. Hukumu yangu ni hii: hakumuua Lavoisier, na hakumwokoa. Aliogopa, katika mwaka ambao watu wengi waliogopa. Mwaka 1796 alisimama katika ibada ya kumbukumbu na kumsifu marehemu kwa ufasaha mkubwa. Waliokuwepo bila shaka walihesabu miaka miwili ya kuchelewa.

Baada ya kuanguka kwa Robespierre alifanya jambo ambalo nalipenda kuliko yote katika maisha yake. Shule za tiba za zamani zilikuwa zimefutwa, pamoja na kile Kitivo kilichomfungia mlango, na majeshi yalikuwa yanakufa kwa kukosa madaktari. Desemba 1794, kwa ripoti yake, bunge lilianzisha shule tatu mpya za afya: Paris, Montpellier na Strasbourg. Wanafunzi walilipwa na serikali. Walitakiwa kugusa mwili, kufanya kazi ya kemia kwa mikono, kukaa kando ya vitanda vya wagonjwa. Yule kijana aliyekosa ada alikuwa sasa anaandika sheria.

Katika shule hiyo ya Paris na katika labo yake ndipo mkojo unapoingia, na hapa lazima nimtaje Nicolas-Louis Vauquelin, kwa kuwa neno urée lina wazazi wawili. Vauquelin alikuwa mtoto wa wakulima wa Normandy, alizaliwa 1763, akaja Paris akiosha vyombo vya wafamasia. Fourcroy alimchukua akamweka nyumbani kwake, pamoja na dada zake. Mmoja alikuwa msemaji na mwingine karibu bubu. Mmoja alipanga maswali na mwingine alikuwa na mikono isiyokosea. Mwaka 1797 Vauquelin alipogundua metali mpya, Fourcroy na Haüy walipendekeza iitwe chrome, kwa neno la Kigiriki la rangi, kwa sababu ya rangi nzuri za misombo yake. Nalitaja kwa kuwa sisi wa Katanga tunaishi na jina la metali lenye asili chafu zaidi: kobalti ni jini la migodini la Wajerumani.

Swali la wawili hao lilikuwa la kitabibu. Mawe ya kibofu yalikuwa yanaua watu, na tiba pekee ilikuwa kisu, bila ganzi. Kama tungejua mawe hayo yameundwa na nini, huenda tungepata dawa ya kuyayeyusha. Fourcroy akawaomba madaktari wamletee mawe, naye na Vauquelin wakachunguza mamia. Scheele wa Sweden alikuwa amepata katika mawe ya namna hiyo, mwaka 1776, asidi iliyokuja kuitwa lithique, kwa neno la Kigiriki la jiwe. Lakini asidi hiyo imo pia katika mkojo wa mtu asiye na jiwe lolote. Fourcroy akashika jina urique, na hilo ndilo lililobaki.

Ili kuelewa jiwe ilibidi kuelewa maji lilikozaliwa. Boerhaave wa Leiden alikuwa amekwisha kupata chumvi ya pekee katika mkojo miaka mingi nyuma, na mwaka 1773 Hilaire-Marin Rouelle, mwalimu wa Bustani ileile ya Mfalme, aliuchemsha mkojo hadi ukauke, akauosha kwa alkoholi, akapata kitu alichokiita cha sabuni. Ni jina la enzi za siagi ya antimoni. Fourcroy na Vauquelin waliupunguza mkojo kwa moto hadi uwe mzito kama asali, wakatia asidi ya nitriki, na mara vikajitenga vipande vinavyong'aa. Walikisafisha kitu hicho, wakakipima, wakaona kimejaa azoti kupita kiasi, na katika uchunguzi walioutoa mwaka 1799 kina jina lake: urée.

Tuliangalie neno lenyewe. Mzizi ni ouron, mkojo kwa Kigiriki, na Kilatini kina urina. Mwisho wake, -ée, ni wa kike kwa Kifaransa na hauko katika ile sarufi ya 1787. Hausemi kuna oksijeni kiasi gani, hausemi asidi wala chumvi. Urée ni ya mkojo, basi. Mtu aliyefuta jina la kisiwa kwenye chumvi ya shaba amerudi kutoa jina la mahali: kitu kimeitwa kwa pale kilipookotwa. Nadhani hakuwa na njia nyingine. Mfumo wao ulifanya kazi vizuri kwa madini, ambamo vitu viwili vitatu hukutana. Vitu vya mwili vina kaboni, hidrojeni, oksijeni na azoti vikichanganyika kwa namna ambayo mizani ya 1799 haikuweza kuifafanua.

Na mahali penyewe palikuwa ni mwisho wa safari tu. Mwaka 1821 Prévost na Dumas, huko Geneva, waliwatoa wanyama figo na kupima damu yao. Kama figo ndizo zinazotengeneza urea, damu isingekuwa nayo. Walikuta imejaa. Leo tunajua kwamba ini ndilo linaloiunda: mwili ukivunja protini, za nyama, za maharagwe, za samaki, hubaki azoti katika hali ya amonia, ambayo ni sumu, na ini huigeuza kuwa urea, ambayo haina ukali huo. Damu huibeba, figo huichuja, mkojo huitoa. Damu ya kila mtu mzima wa afya ina urea wakati wote. Ikipanda sana, mara nyingi ni kwamba figo zimechoka kuchuja, au mtu amekosa maji mwilini. Katika safari hiyo yote hakuna mkojo unaorudi kuingia katika damu.

Lakini neno liliendelea kusema vingine, na madaktari wenyewe walilisaidia. Katika miaka ya 1840 Piorry, daktari wa Paris, akatunga urémie, yaani mkojo-damuni, jina ambalo hospitali zetu bado zinaliandika. Mjomba wangu, bila kujua, alikuwa katika ukoo wa heshima. Wajerumani nao walitafsiri kwa maneno yao, wakapata Harnstoff, kitu cha mkojo. Huko hata asiyejua Kigiriki anaukuta mkojo ndani ya neno. Ndiyo maana siungi mkono wenzangu wanaotaka tuache urea na kuunda neno la Kiswahili lenye mkojo ndani yake. Anayezungumza Lingala angefikia masuba kwa njia hiyohiyo, na kambo zao wangesusa chakula vilevile. Linganisha na jirani yake kwenye karatasi ya labo, créatinine: Chevreul alipata kreatini katika mchuzi wa nyama mwaka 1832 na kuipa jina kwa kreas, nyama kwa Kigiriki, na Liebig akatoa kreatinini kutoka humo mwaka 1847. Hiyo ni taka ya misuli, na jina linaitaja nyama. Limetaja chanzo, si jalala.

Kuhusu mbolea kambo alikuwa karibu na ukweli kuliko mjomba. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler, huko Berlin, alitengeneza urea ndani ya chombo cha kioo, bila mnyama na bila figo, na ilikuwa ni ileile kabisa. Karibu nusu ya uzito wake ni azoti, na ndiyo maana ya 46 kwenye mfuko. Molekuli ya shambani na ya damuni ni moja, ingawa hii haikutoka kule. Kemia baadaye ililipa jina la kufuata kanuni, carbamide, ambalo Fourcroy angelipenda. Hospitalini halitumiki.

Nilimweleza kambo kwa maneno haya: urea ni majivu ya chakula, yanatoka kwenye ini, na figo ndizo zinazofagia, zako zinafagia polepole. Akauliza ale nini. Tukarudi kwa daktari na swali hilo, ambalo lilikuwa ndilo la kuuliza tangu mwanzo.

Fourcroy alimaliza maisha yake katika utawala. Napoleon alimpa elimu ya taifa mwaka 1802, na chini yake zilianzishwa lycée, neno ambalo huku kwetu limebaki kwa shule za wasichana, pamoja na sheria ya 1803 iliyoamua nani aruhusiwe kutibu. Alizunguka, akaandika ripoti, akachagua walimu, akachoka. Mwaka 1808 Chuo Kikuu cha Dola kilipopata mkuu wake wa kwanza, wengi walidhani ni yeye. Napoleon akamteua Fontanes, mshairi. Alipewa ukabaila, cheo kisichofundisha mtu. Mwaka uliofuata alikufa, na umri wake ulikuwa miaka 54. Mimea ya jamii ya Furcraea, inayofanana na mkonge, ina jina lake, ingawa hata hilo limeandikwa vibaya.

Vauquelin alirithi kiti chake katika Kitivo cha Tiba. Aliwatunza dada za Fourcroy mpaka walipofariki, akiwa hajaoa, katika nyumba iliyomtoa kwenye kuosha vyombo. Alikufa Novemba 1829, mwaka mmoja baada ya urea ya Wöhler.